Kiondo cha Mama Ndanu

Ukurasa huu nimeutoa kwenye shajara yangu ya miaka ya themanini, nilipokuwa na kazi yangu ya kwanza kule Nunguni. Nauweka hapa blogini karibu vile ulivyo. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, mnisamehe.

Jumapili jioni, Nunguni. Ukungu tangu asubuhi, na mvua ile ya kunyunyiza ambayo haikuloweshi wala haikuachi ukauke.

Shajara, nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Nimepanga begi langu, nikalipangua kutafuta soksi, nikalipanga upya. Sasa liko mlangoni na kila nikipita linanigonga mguu.

Mimi ni mtu wa Mwingi. Kwetu ukifungua macho jua limeshafika, na malori ya Garissa yanapiga honi barabarani utadhani yanakuita kwa jina. Huku juu watu wanalima kabichi ndani ya mawingu. Nguo nilizofua Alhamisi bado hazijakauka. Mwaka mzima nimekuwa nikilalamika juu ya nguo, na leo nimegundua kwamba nguo si shida yangu.

Mwalimu Mutiso, mwenyekiti wa kamati yetu, anataka jibu kesho: nabaki mwaka mwingine au naenda? Baba naye ameshanitafutia nafasi ya kufundisha karibu na nyumbani, na amengoja jibu mpaka amechoka. Juma lililopita nilikuwa na jibu. Jana mchana nilikuwa nalo kabisa, ningekuwa na gari ningeondoka na matope yangu miguuni.

Wacha nianze jana. Hapana, wacha nianze na stoo.

Mahali ninapofanya kazi panaitwa jumba la sanaa kwenye karatasi tu. Watu wote wanapaita stoo, kwa sababu palikuwa stoo ya kahawa kabla ya kamati kupewa. Hatuuzi chochote. Kazi yetu ni kuwapa wasanii ukuta, paa na muda, wajaribu vitu ambavyo hakuna duka litavipokea. Mimi ndiye ninayefungua, ninayefagia, ninayetundika na ninayeeleza. Hadi leo kuna wazee wanaoingia kuniuliza mbolea imefika lini.

Mwaka huu nimeona mambo. Kuna fundi wa Kasikeu aliyetundika majembe makuukuu kwenye waya, upepo ukiingia yanalia kila moja na sauti yake. Majirani walikuja kulalamika, halafu wakaanza kuja bila kulalamika. Kuna kijana aliyechora kwa udongo mwekundu wa kwao, picha nzuri ajabu, na msimu wa mvua ulipofika unyevu ukazishusha zote ukutani mpaka sakafuni. Alifurahi! Mimi ndiye niliyepiga deki.

Mwanzoni watu walikuwa wakisimama mlangoni wamevua kofia, kama wamekuja kumtazama mgonjwa. Hawaingii. Wakiingia, mikono nyuma. Nilichukizwa sana na ile mikono nyuma, kwa sababu hii si hospitali na vitu hivi vimetengenezwa na watu wa hapa hapa. Basi nikaandika kibao kikubwa, Kiswahili juu na Kikamba chini: GUSA. Nikakipigilia mlangoni mwenyewe. Nilijivunia kile kibao kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka huu.

Kibao changu ndicho kilichotufikisha kwenye mambo ya jana.

Ndanu ndiye msanii wetu wa mwisho wa mwaka. Ni mtoto wa hapa Nunguni, tumelingana umri, mpole mpaka ananiudhi. Anasuka viondo, lakini si vya mkonge. Anasuka kwa seng'enge, kwa tyubu za magurudumu zilizokatwa vipande vyembamba, kwa mifuko ya plastiki. Vingine havina kitako. Kimoja kina midomo miwili. Wachonga sanamu wa hapa wakija kuviona wanacheka, halafu wanazunguka kuviona tena.

Katikati ya hivyo vyote alitundika kiondo kimoja cha mkonge, cha kawaida kabisa, ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha mama yake. Mama Ndanu alikuwa akikisuka hospitalini mpaka mikono ikakataa, na mwezi haukuisha akafariki. Ulikuwa umebaki kama upana wa kiganja kifike mdomoni. Ndanu hakukigusa. Alikitundika kitako juu, vile wanawake wanavyokishika wakisuka, na zile nyuzi ndefu za mkonge zikining'inia chini kama ndevu. Bonge la uzi wa mama yake, ule wa rangi ya udongo, alilitundika kando yake. Ukisimama chini yake ungesema mwenyewe ametoka kidogo kwenda kuangalia moto.

Mimi si mtu wa kulia. Siku alipokitundika nilienda nje nikajifanya natafuta ngazi.

Jana tulikuwa tunafungua maonyesho. Mgeni wetu alikuwa bwana mmoja wa Nairobi, mwenye miwani minene, ambaye huchagua kazi za kupeleka kwenye maonyesho makubwa. Mwalimu Mutiso alikuwa amemsifia Ndanu kwake mpaka akakubali kuja mwenyewe. Na wamama wa kanisa walikuja pia. Hilo lilinishangaza, kwa maana mchungaji wao ameshahubiri juu ya stoo yetu, si mara moja, kuhusu vinyago na watu wanaovisujudia. Lakini marehemu alikuwa mwenzao. Walikuja na vitambaa vyao vya kichwa, chai ndani ya birika kubwa, mkate na kisu cha kukatia, Mama Syombua mbele yao kama kawaida. Mama Syombua ndiye anayeongoza kikundi chao cha mwethya, kile cha kusaidiana kazi za shamba na za nyumbani. Huwezi kumwambia hapana. Nimejaribu.

Mgeni hakufika. Mvua ilinyesha asubuhi, na baadaye mtu akaja kutuambia gari la Nairobi limekwama mlimani. Basi sote wenye nguvu tukashuka: Mwalimu Mutiso, wachonga sanamu, mimi, na Ndanu na gauni lake jipya. Wamama nikawaacha ndani. Niliwaambia wajisikie nyumbani.

Aki, hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Wajisikie nyumbani.

Tulisukuma lile gari mpaka nikasahau rangi ya viatu vyangu. Mgeni aliketi ndani akishika usukani na kuomba radhi dirishani. Tulipofika stoo mchana ulikuwa umeshaanza kugeuka, na kabla sijaingia nilisikia wamama wanaimba polepole, wimbo wa kanisani, ule wa kazi ikiisha.

Kiondo kilikuwa mezani, kimekaa kwa kitako chake. Kimekamilika. Mdomo umefungwa vizuri, mviringo hauna kasoro, na zile ndevu zote zimekatwa kwa kisu cha mkate. Vipande vilikuwa sakafuni, na mama mmoja alikuwa akivifagia kwa ufagio wangu.

Hawakuwa wajinga, na hapo ndipo ninaposhindwa hata kukasirika vizuri. Walijua ni cha nani. Mama Syombua alinieleza akitabasamu: Mama Ndanu alipolazwa, wao ndio waliopalilia mahindi yake. Wao ndio walioziba ghala lake lisivuje. Sasa wakaingia hapa, wakakuta kazi ya mwenzao imening'inia haijakwisha, uzi wake uko hapo hapo, na mlangoni kumeandikwa gusa. Walipokezana, kila mmoja akasuka mizunguko yake, wakimkumbuka. Mama Kioko ndiye aliyefunga mdomo, kwa kuwa hakuna anayefunga mdomo kama yeye. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Nilimtazama Ndanu. Nilitaka apige kelele ili nami nipate nafasi ya kupiga.

Hakupiga. Alimshika mkono kila mama, mmoja mmoja, akashukuru kwa sauti ya chini. Mgeni naye akafuta miwani, akazunguka chumba, akapita viondo vya seng'enge na tyubu akiitikia kwa kichwa tu. Akafika mezani, akakiinua cha mkonge. Akasema hiki ni kizuri sana, kazi safi. Akauliza kama kikundi kinaweza kutengeneza vingine kama hicho, vingi, vya kupeleka dukani.

Wamama wakafurahi. Mwalimu Mutiso akasema kwa haraka kwamba wazo hilo si baya. Mimi nilitoka nje nikang'oa kibao changu kwa mikono, na msumari ukanichana kidole.

Nilimkuta Ndanu nyuma ya stoo, kando ya tangi la maji, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nilianza kuwasema wale wamama, na ulimi wangu ukikwaruzwa hauna breki. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Halafu akasema, "Nilikuwa najua mahali. Kila asubuhi kabla hujafungua nilikuwa naweka kidole pale mama alipoishia. Sasa sijui ni wapi."

Nilichukua kitambaa nikakausha vikombe.

Nililala vibaya, na leo niliamka vibaya zaidi. Nilipanga begi. Nilijiambia kwamba mwaka mzima nimetundika na kutundua kazi za watu, na siku moja ya maana nimeshindwa kulinda kitu kimoja. Wacha nikafundishe watoto kuhesabu, angalau ubao unafutika na unaandikika tena.

Lakini siwezi kukaa na hasira kwa utulivu. Ibada ilipoisha nilikuwa nimeshafika nyumbani kwa Mama Syombua, nimesimama uani na hotuba yangu tayari. Alikuwa bado na nguo za kanisa, anaweka sufuria motoni. Nilianza kwa ukali. Nilipofika kwenye kile kidole cha Ndanu cha kila asubuhi, sauti yangu ikanikatikia njiani, hotuba yote ikapotea.

Mama Syombua aliitoa sufuria motoni. Akaketi, mkono shavuni.

"Kwani mbona hakusema?" akaniuliza. "Tulimzaa sisi sote yule. Mbona alitushukuru?"

Nilimwambia ni kwa sababu walifanya kwa upendo na yeye alijua. Alitikisa kichwa, akainuka, akatuma watu wawaite wenzake.

Basi mchana wa leo wakaja tena stoo kufumua walichosuka, na nguo zao za Jumapili, bila birika. Mwalimu Mutiso akamleta Ndanu. Na hapo, Shajara, pakazuka jambo ambalo sikulitegemea: ilikuwa Jumapili. Wamama hawa hawasuki Jumapili. Hata sindano hawashiki. Wengine wakasema tungoje kesho, wengine wakasema marehemu asingojeshwe. Wakabishana kwa Kikamba cha adabu mpaka Mama Kioko, ambaye tangu aingie alikuwa amenuna kwa ajili ya mdomo wake mzuri, akasema kwamba kusuka ni kazi lakini kufumua si kazi. Wote wakamtazama. Hakuna aliyepata kifungu cha kumpinga.

Mama Kioko ndiye aliyeanza, kwa kuwa wa mwisho jana ndiye wa kwanza leo. Aliufungua ule mdomo akisonya kidogo kidogo. Kisha akampa aliyemtangulia. Kila mmoja alipokea kiondo, akageuza, akapapasa, akasema huu ni wangu. Sikuelewa walijuaje. Mimi naona mkonge tu. Mama mmoja akanieleza kwamba kila mkono una namna yake ya kuvuta uzi. Huyu anakaza, yule analegeza, mwingine hukaza akikasirika. Walitaniana kidogo hapo. Uzi ulikuwa unarudi bongeni, umejikunja kunja, na kiondo kinashuka.

Ndanu alisimama karibu, mikono nyuma. Ile mikono nyuma niliyoichukia mwaka mzima.

Mwisho kikafika kwa Mama Syombua, kwa sababu ndiye aliyeanza jana. Aliketi nacho kwenye benchi. Alifumua mzunguko mmoja, harakaharaka. Akafumua wa pili, polepole. Akashika wa tatu, akasita.

Alipapasa. Akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alipapasa tena, kule na huku, akafumba macho.

Alisema hakumbuki kama alisuka miwili au mitatu. Mama Kioko akamwambia atazame mkono. Mama Syombua akasema anatazama. Kisha akatueleza, bila kututazama, kwamba alipoletwa Nunguni bibi arusi kutoka Kasikeu hakujua kusuka hata kidogo, na mama mkwe wake akamcheka. Mama Ndanu ndiye aliyemwita jikoni kwake na kumfundisha kimya kimya, mkono juu ya mkono, mpaka akajua. Hakupata mwalimu mwingine.

"Hapa sijui kama ni mimi au ni yeye," alisema, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya kila mtu.

Mwanamke asiyeambiwa hapana alikuwa anamtazama Ndanu kama mtoto anayengoja kuchapwa.

Ndanu akaja. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaweka kidole kwenye ule mzunguko. Akakisogeza chini kidogo. Akakirudisha juu. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, na nilikuwa naomba, mimi ambaye siombi vizuri, kwamba apaone.

Hakupaona.

Alikaa hivyo. Kisha akauchukua mkono wa Mama Syombua, akauweka juu ya ule mzunguko, na kidole chake akakiacha hapo hapo chini yake.

"Wacha hapo, mwaitu," akasema. "Usifumue tena."

Kwa Kikamba, mwaitu ni kusema mama yangu. Sijamsikia akimwita mtu hivyo tangu nimjue.

Tulikitundika tena. Si vile kilivyokuwa. Ndevu sasa ni fupi, hazining'inii, zimesimama zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kuugua. Uzi umejikunja. Mgeni wa Nairobi akirudi leo hatakitazama mara mbili, na wala hatarudi. Nafasi ya Ndanu imekwenda na lile gari, hakuna aliyejidanganya juu ya hilo, hata Mwalimu Mutiso. Bado linaniuma. Nitalinung'unikia kwa muda mrefu na sioni aibu.

Lakini Ndanu alipokuwa anatoka aliniuliza kibao kiko wapi. Nilimwambia nimekitupa. Akasema niende nikakiokote. Nikaenda nikakiokota kwenye majani nyuma ya tangi, na nimekipigilia tena, upande mmoja uko juu kuliko mwingine, kitakaa hivyo.

Sasa niko chumbani, na miguu yangu bado haitaki kutulia. Nimejaribu kuwaza juu ya Mwingi, jua, nguo kavu. Akili inarudi kwenye ule mzunguko wa tatu. Mtu amekufa, na mkono wake uko kwa mwingine kiasi kwamba hata mtoto wake hawezi kuutenganisha.

Nimeitazama mikono yangu hapa kwenye taa. Ina matope kwenye kucha na mkwaruzo wa msumari. Mama yangu anasuka, nyanya yangu alisuka. Mimi nilipelekwa shule mapema na kila likizo nilikuwa na haraka. Mama alikuwa akiniita niketi nione, nikawa namjibu nimeona. Sijui hata kuanza kitako.

Mkono wangu unaweza kuchanganywa na wa nani?

Mama Syombua aliniuliza hivyo hivyo, kwa namna yake. Alipokuwa anafunga kitambaa aondoke alinitazama nilivyosimama na nyundo, akauliza kama kwetu Mwingi wasichana husukiwa viondo na wanaume. Wote wakacheka. Hata Ndanu. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtu mwenye haraka kama mimi, kiondo cha kwanza kitamchukua mwaka.

Baba atakasirika. Nitamwandikia, na safari hii nitaandika pia kwa Mama.

Nimetoa soksi begini, nimevaa, maana baridi imezidi. Mama Syombua ameniambia kesho asubuhi niende kwake na mkonge wangu mwenyewe, na nikifika niketi.